Gari Linalovuta Upande na Ujira wa Utambuzi

Miongoni mwa malalamiko yanayofikishwa mbele ya mafundi wa magari katika miji yetu, ni machache yaliyo ya kawaida kama hili la gari kuvuta upande, wala hakuna linalojibiwa kwa haraka zaidi. Kwani mwenye gari hajamaliza kueleza kwamba akilegeza usukani gari hushika njia ya kushoto, fundi amekwisha kumkatiza kwa maneno mawili, "Peleka alaimenti," na mwenye gari, kwa kuwa jibu ni fupi na bei yake inajulikana, hulipokea kama fatuwa, akaenda, akalipa, akarudi barabarani, na gari likavuta vile vile. Hapo huanza safari ya pili yenye gharama zaidi kuliko ya kwanza: bushi hubadilishwa, kisha boljointi, kisha tairodi, kisha shokapu za mbele zote mbili, mpaka siku moja, fedha nyingi zikiwa zimekwisha kutoka, kijana wa kujaza upepo katika kituo cha mafuta, ambaye hakupata kudai kuwa yeye ni fundi, anagundua kuwa tairi moja la mbele lina upepo pungufu kuliko mwenzake.

Rai ninayotaka kuitoa ni kwamba kosa hili si la mafundi peke yao, wala halitokani na ujinga wao, maana wengi katika wao wanayajua haya nitakayoyaeleza kwa mikono kabla mimi sijayajua kwa kalamu. Linatokana na desturi tuliyoizoea sisi wenye magari, ya kulipa kwa moyo mkunjufu thamani ya chuma kinachofungwa, na kukataa katakata kulipa thamani ya akili iliyotumika kujua ni chuma gani kinachostahili kufungwa. Maadamu fundi hapati riziki yake mpaka kitu kifunguliwe na kingine kifungwe, tusistaajabu akifungua na kufunga.

Lakini kabla ya kuingia katika mambo ya ujira, yafaa kuitenga ila yenyewe na jirani zake. Lipo gari ambalo huenda moja kwa moja bila tatizo, ila usukani wake umekaa upogo, na nembo ya katikati haikusimama wima. Hilo halivuti, limekosewa tu lilipofungwa au lilipopimwa. Lipo linalotetemeka mikononi likifika mwendo wa kilomita 80 au 100 kwa saa, na hilo aghlabu linadai balansi ya magurudumu. Lipo linaloyumba, sasa kushoto na sasa kulia, likimwendesha dereva badala ya kuendeshwa naye, na dalili hiyo huelekeza kwenye viungo vilivyolegea au reki ya usukani iliyochakaa. Gari linalovuta ni lile ambalo, katika njia iliyonyooka, hudai mkono wa dereva ulizuie wakati wote, na likiachiwa huuacha mstari wake kuelekea upande mmoja usiobadilika. Na hata hilo halijatosha, kwa kuwa hukumu hutofautiana kwa kadiri ya wakati: je, huvuta wakati wote, au likikanyagwa breki tu, au likiongezwa mafuta, au baada ya kukata kona? Maswali haya manne hayagharimu kitu, yanaweza kuulizwa hata fundi akiwa chini ya gari la mteja mwingine, na kila jibu hufunga milango mitatu na kufungua mmoja. Ni nadra sana kuulizwa.

Mshitakiwa wa kwanza, ambaye husahauliwa kwa kuwa haingizwi gereji, ni barabara. Lami haikutandazwa kuwa sawasawa. Wahandisi huipa mgongo katikati na kuiteremsha pande zote mbili, takriban sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita moja ya upana, ili maji ya mvua yasituame bali yatiririkie mitaroni. Na kwa kuwa sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto, kila gari linalokwenda katika barabara ya njia mbili hutembea juu ya mteremko mdogo unaoelekea mtaro wa kushoto, na uzito wake wenyewe hulisukuma huko kidogo kidogo. Gari zima kabisa, likiachiwa usukani katika barabara ya namna hiyo, yamkini litaelea kushoto, na hilo si ila bali ni maumbile. Ithibati ya jambo hili wanaweza kuipata madereva wa malori wanaovuka mto Kagera pale Rusumo, ambapo hutoka Tanzania inayoendesha kushoto wakaingia Rwanda inayoendesha kulia: gari lile lile, kwa matairi yale yale na shehena ile ile, lililokuwa likitaka mtaro wa kushoto tangu Nyakanazi, likifika ng'ambo hutaka mtaro wa kulia, wala hakuna fundi aliyeligusa. Nahodha ambaye jahazi lake linakwenda kombo huitazama kwanza bahari, ajue mkondo unaelekea wapi, ndipo akamgeukia mshika msukani. Nasi tungefanya vyema kuiga adabu hiyo, tukatafuta uwanja mpana wa lami iliyo tambarare, au barabara ya njia nyingi ambamo mteremko wa njia moja si ule wa nyingine, tukalijaribu gari pale kabla ya kulishitaki.

Katika hili pana nukta inayowapita hata madereva wazoefu. Gari linalovuta kushoto kidogo katika barabara zetu linaweza kuwa halina hatia. Lakini linalovuta kulia, hata kama ni kwa nguvu ndogo isiyochosha mkono, limeushinda mteremko kabla ya kuushinda mkono wa dereva, na kwa hiyo ila yake ni kubwa kuliko inavyohisiwa. Aidha, linavuta kuelekea kwenye magari yanayokuja. Nashangaa kuona wenye magari wakimkimbilia fundi kwa ajili ya la kwanza, na kulivumilia la pili miezi kwa miezi.

Tena si mteremko peke yake. Malori yenye shehena za Zambia na Congo yamekuwa yakipita katika njia kuu ya Tanzam kwa miaka mingi, na penye lami iliyolainika kwa joto au iliyojengwa juu ya msingi dhaifu, magurudumu yake yamechimba mifereji miwili mirefu ambayo gari dogo likiingia humo hufuata kuta zake, hasa likivishwa matairi mapana kuliko yale ya kiwandani kwa ajili ya urembo. Mwenye gari hurudi nyumbani akidhani amevunjikiwa na kitu.

Barabara ikishaondolewa katika orodha ya watuhumiwa, ni zamu ya upepo na matairi, na hapa ningependa msomaji akae nami kwa kitambo, kwa sababu magari mengi yanayovuta huponea hapa, na kwa gharama ndogo. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea, hujiburura zaidi juu ya lami, na huvuta gari kuelekea upande wake. Kipimo kinachotakiwa kimebandikwa na mtengenezaji kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kwa magari mengi madogo ni paundi 30 hadi 35 kwa inchi ya mraba. Lakini wengi wetu hatujapata kukisoma kibandiko hicho, bali humwambia kijana wa kituoni aweke "ya kawaida", ilhali geji yake imeanguka sakafuni mara zisizo na idadi. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, na lililo kubwa katika shauri letu si tarakimu yenyewe, bali ni usawa wa tairi la kushoto na la kulia katika ekseli moja. (Siku hizi mwenye gari hushawishiwa kulipia naitrojeni, kana kwamba hewa tunayovuta, ambayo sehemu 78 kwa mia ni naitrojeni hiyo hiyo, imepungukiwa mno. Gari linalovuta halina haja nayo.)

Hata hivyo upepo waweza kuwa sawa na tairi likawa na ila ndani yake isiyoonekana kwa macho. Tangu kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliposajili mwaka 1946 uvumbuzi wake wa tairi la radiali, ambalo sasa ndilo linalovaliwa na takriban magari yote madogo duniani, chini ya kashata za tairi hupita mikanda ya nyaya za chuma. Na mikanda hiyo ikiwa imekaa pembeni kidogo, ama kwa kasoro ya kiwandani au kwa kuchakaa na kupigwa na mashimo, upande mmoja wa tairi huwa mgumu kuliko wa pili, na tairi zima huviringika kwa kupinda kuelekea ubavu mmoja ingawa kwa kulitazama ni la mviringo kamili. Mashine ya alaimenti hailioni jambo hili, kwa kuwa mashine hupima pembe za magurudumu yakiwa yamesimama, na ila hii huzaliwa tairi likizunguka chini ya uzito.

Dawa yake ya kuitambua ni nyepesi hata naona haya kuieleza. Gari huinuliwa kwa jeki, tairi la mbele kushoto hufungwa kulia na la kulia hufungwa kushoto, kisha gari hurudishwa katika barabara ile ile. Likiwa lilivuta kushoto na sasa linavuta kulia, tairi limekiri. Ikiwa uvutaji umetoweka, tairi limekiri pia. Likiwa linaendelea kuvuta kushoto kama jana, matairi hayo mawili yaachiliwe huru, na uchunguzi uendelee kwingine. Yale tu yaliyochorwa mshale ubavuni, ambayo yamekusudiwa kuzunguka upande mmoja, ndiyo hayafai kuachwa hivyo baada ya jaribio. Kazi hii haihitaji umeme, haihitaji kompyuta, na haina spea ya kununua Gerezani wala Kirinyaga Road; na ninaamini kwa dhati kuwa kukosekana kwa spea hiyo ndiko kulikoifanya isipendwe. Aghalabu fundi akiifanya, mteja humtazama kwa jicho la shaka na kusema, "Sasa umenifanyia nini?"

Sisemi mengi juu ya matairi ya mtumba, isipokuwa kwamba mtu anayefunga mbele tairi la kampuni moja kushoto na la kampuni nyingine kulia, moja likiwa na kashata za kina na jingine limekaribia upara, hana haki ya kulalamika kwamba gari halinyooki. Na asidanganywe na weusi unaong'aa wa tairi lililopakwa dawa; asome ubavuni tarakimu nne za mwisho za alama ya kiwanda, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni tairi lililotengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Breki nazo zina hila ya kugeuza ushahidi, na hila hiyo imewatia hasarani watu wengi. Gari likivuta kulia wakati breki inapokanyagwa, akili ya haraka humwambia fundi afungue gurudumu la kulia, ilhali mara nyingi gurudumu la kulia linafanya kazi yake ipasavyo, na mgonjwa ni la kushoto, ambalo limekataa kushika. Kinyume chake, gari linalovuta hata breki isipokanyagwa huenda lina kalipa iliyokwama upande ule ule linakovuta, pedi zikiwa zinasugua diski saa zote. Huyu wa pili hujifichua kwa joto: baada ya mwendo wa kilomita kadhaa ambao breki haikutumika sana, kiganja kikisogezwa karibu na kila rimu bila kuigusa, gurudumu moja litakuwa la moto kuliko mwenzake, na pengine litanuka. Lakini usinunue kalipa bado. Mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu huweza kuziba kwa ndani kwa sababu ya uzee, huku nje ukionekana mzima; mguu ukikanyaga, nguvu yake huyapenyeza mafuta kwenda, na mguu ukiachia, mafuta hukosa nguvu ya kurudi, gurudumu likabaki limeshikwa. Fundi mwerevu hulegeza skrubu ya kutolea upepo pale kwenye kalipa, mafuta yakatoka kidogo, na gurudumu likifunguka papo hapo amejua kuwa kizuizi kiko kwenye mpira au juu yake. Lisipofunguka, kalipa yenyewe au pini zake zimekwama. Jaribio hili la dakika chache hutenganisha spea ya bei ndogo na spea ya bei kubwa, na mwenye gari asiyemlipa fundi kwa dakika hizo huwa amechagua ile ya bei kubwa bila kujua.

Sasa tufike kwenye alaimenti, ambayo sikusudii kuidharau. Katika magurudumu ya mbele mna vipimo vitatu vinavyotuhusu. Kimoja ni kuelekeana kwa magurudumu, yaani likitazamwa gari kutoka juu, kama ncha zake za mbele zinakaribiana au zinaachana. Cha pili, kinachoitwa kemba, ni kuinama kwa gurudumu kuelekea ndani au nje, likitazamwa kutoka mbele. Cha tatu, kinachoitwa kasta, ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka linapokata kona, ukitazamwa kutoka ubavuni. Cha pili na cha tatu ndivyo vinavyoweza kulivuta gari: gurudumu lililoinama zaidi kwenda nje huvuta upande wake, na gari huelekea pia ule upande ambao kasta yake imepungua; tofauti ya kushoto na kulia ikizidi nusu digrii, dereva huanza kuihisi. Kile cha kwanza, kuelekeana kwa magurudumu ya mbele, kikikosewa hula matairi kwa kasi ya kutisha na huweza kuupinda usukani, lakini kwa kawaida hakilivuti gari, kwa sababu magurudumu mawili hugawana kosa hilo pindi gari linapotembea.

Na hapa ndipo ilipo siri ya gari linalotoka alaimenti likiwa linavuta kama lilivyoingia. Magari mengi madogo tunayoendesha, kama vile Toyota IST inayojaa katika mitaa ya Dar es Salaam, yamejengwa mbele kwa mfumo uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson mwishoni mwa miaka ya 1940, ambamo shokapu na springi huungana kuwa mguu mmoja. Ni mfumo mwepesi na wa gharama nafuu, lakini katika magari hayo kipimo ambacho fundi anaweza kukirekebisha kwa spana bila taabu ni kile cha kwanza tu. Kemba na kasta hazina skrubu ya kuzigeuza, au zina nafasi ndogo mno. Ekseli ya nyuma ya gari la namna hiyo ni boriti moja isiyorekebishwa kabisa, na ikipindwa na shimo, mbele huenda njia moja na nyuma njia nyingine. Kwa hiyo fundi wa mashine hurekebisha kile kinachorekebishika, ambacho ndicho kisichovuta, na kompyuta huonyesha rangi ya kijani penye kipimo hicho, na nyekundu penye vile vingine asivyoweza kuvigusa; mwenye gari huonyeshwa kijani, hulipa, na karatasi hutupwa.

Karatasi hiyo ndiyo mali aliyoinunua. Ndani yake zimeandikwa tarakimu za kabla na za baada, za kushoto na za kulia, na anayeisoma ataona kama kasta ya kulia imetofautiana na ya kushoto kwa digrii nzima, jambo ambalo haliwi bila kitu kupinda au bushi kufa. Na atajua basi atafute nini, badala ya kubadilisha kila kiungo kwa kubahatisha. Ningeshauri mtu asilipe alaimenti pasipo karatasi, na karatasi isiyokuwa na tarakimu za kabla airudishe.

Yako mengine nitakayoyapitia kwa haraka. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likivuta upande mmoja dereva anapoongeza mafuta, kisha likaruka upande wa pili anapoachia, lina bushi iliyokufa katika mkono wa chini, au fremu ndogo ya injini imelegea. Gari likatalo kurudi, yaani ukikata kulia huendelea kutaka kulia, na ukikata kushoto hutaka kushoto, lina kiungo kigumu kisichozunguka kwa urahisi, aghlabu beringi ya juu ya shokapu au boljointi mpya iliyofungwa vibaya. Na msomaji aone jinsi boljointi mpya, iliyowekwa ili kuponya uvutaji ambao haikuusababisha, inavyoweza kuzaa uvutaji wa namna nyingine. Shehena iliyolundikwa upande mmoja, nayo, haihitaji maelezo kwa mtu aliyepata kupanda gari la mnada.

Pana jambo la asili ya magari yetu ambalo halipaswi kuachwa. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoingia katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Kule, gari la mtu binafsi hukaguliwa kwa mujibu wa sheria baada ya miaka 3 ya kwanza na kila baada ya miaka 2, na katika ukaguzi huo hupitishwa juu ya bamba linalopima kuteleza kwake pembeni, ambako hakutakiwi kuzidi milimita 5 kwa kila mita 1 ya mwendo. Lakini gari lenye kuuzwa mnadani huwa mara nyingi limekaribia mwisho wa muda wake wa ukaguzi, na mengine yana alama ya R au RA katika karatasi ya mnada, maana yake yamepata ajali na kutengenezwa. Mnunuzi wa huku, aliyevutiwa na picha na idadi ya kilomita, mara chache huitaka karatasi hiyo. Kisha gari huanza maisha mapya katika barabara zenye matuta na rasta na mashimo, nalo limezaliwa upya likiwa na mifupa iliyonyooshwa mara moja. Na wale wenzetu wa Lubumbashi, ambako magari ya usukani wa kulia hutembezwa upande wa kulia wa barabara, wana shida ya nyongeza, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huliwekea gari tofauti ndogo ya pembe ili lipambane na mteremko wa upande wa kushoto, na mteremko ukigeuka, tofauti hiyo husaidiana nao badala ya kuupinga.

Haya yote, ukiyatazama, ni kazi ya kuuliza, kupima, kubadilisha kimoja na kujaribu tena. Fundi akiyafanya kwa utaratibu atatumia saa moja au mbili, pengine asubuhi nzima, na mwisho wake huenda akawa amejaza upepo tu. Atamdai nini mteja? Katika desturi yetu hana cha kudai. Bei hupatanwa juu ya kitu: kufunga bushi ni kiasi fulani, kubadilisha shokapu ni kiasi fulani, na mara nyingi pana bakshishi ndogo kutoka duka la spea alikompeleka mteja. Utambuzi hauna bei, na kwa hiyo umekuwa sadaka. Na mtu mwenye watoto hawezi kutoa sadaka kila siku kwa wenye magari.

Ningependa basi gereji zetu zibandike ukutani, juu ya bei zote, ada ya utambuzi, na vyuo vinavyofundisha ufundi, VETA miongoni mwavyo, viwafunze vijana kuidai bila haya na kuistahili. Ada hiyo iwe na masharti yake: fundi aendeshe gari yeye mwenyewe, mwenye gari akiwa kando yake, kabla spana haijatoka, apime upepo mbele yake, aandike alichokipima na alichokiondoa katika tuhuma, na akitaka kubadilisha kitu, aseme ni dalili gani iliyomwongoza. Mwenye gari naye ana wajibu, na mkubwa wake ni kusema kweli. Gari lilianza kuvuta lini? Lilipanda ukingo? Lilifungwa matairi mapya wiki ile? Wangapi wamekwisha kuligusa? Watu wanaona fahari kumficha fundi wa tatu waliyoyafanya mafundi wawili wa kwanza, kana kwamba wanamtahini.

Najua litasemwa kwamba watu hawana fedha, na kwamba kuongeza ada juu ya gharama ni kumwongezea mzigo aliyelemewa. Hoja hii ina uzito kwa mwenye gari moja analolitegemea kwa riziki, dereva wa teksi mathalani. Lakini huyo ndiye anayepata hasara kubwa zaidi kwa kubahatisha, maana kila spea isiyohitajika humla fedha na humla siku ya kazi pia. Litasemwa tena kwamba mafundi wengine watachukua ada na wasitambue kitu. Watakuwapo. Wapo leo pia wanaochukua fedha za bushi na kufunga bushi iliyopanguswa, na hatukuacha kwa ajili yao kununua bushi. Aliyeandika na kutia sahihi kwamba ila iko kwenye tairi la kushoto ni mwepesi zaidi kushikwa kuliko aliyesema kwa mdomo kwamba "tubadilishe hii kwanza tuone".

Mtihani wa shauri hili hautakuwa siku ambayo fundi atagundua kalipa iliyokwama, kwa kuwa siku hiyo pana chuma cha kuonyeshwa na mteja atalipa bila kunung'unika sana. Utakuwa siku ambayo fundi, baada ya kuliendesha gari katika njia mbili, kupima upepo, kubadilishana matairi, kusogeza kiganja kwenye rimu nne na kusoma karatasi ya alaimenti, atamwambia mwenyewe kwamba gari ni zima, linafuata mteremko wa barabara, alichukue aende zake. Kisha akamkabidhi risiti ya ada kamili.